Siku Nane na Wapinzani Wangu Kwenye Pikapu ya Chama

Tangu nirudi sijanywa chai yangu ikiwa ya moto. Nikikaa tu, hodi. Ni fulani, amekuja kunipa pole, na kabla pole yenyewe haijaisha mdomoni ameshavuta kigoda: "Haya, Roda, hebu tueleze ilikuwaje." Nimesimulia kwa wanakwaya, nimesimulia kisimani, nimesimulia kwa fundi baiskeli ambaye hata si mwanachama. Kisha nasikia hadithi imerudi kwangu kwa mlango wa nyuma ikiwa na mambo yasiyotokea, kwa mfano kwamba nilimpiga Mheshimiwa kibao. Sikumpiga mtu. Basi naandika mara moja, msome, mpokezane, mniache ninywe chai.

Habari za kuchukua fomu, kujaza fomu na kurudisha fomu naziruka. Hakuna aliyewahi kucheka kwa sababu ya fomu.

Kibaigwa: gari moja, wapinzani watatu

Kwa wasioujua utaratibu wa chama chetu, wanaogombea kwenye kura za maoni hawaendi kila mtu na njia yake. Chama kinawapakia wote kwenye gari moja, kinawazungusha kata kwa kata, na kila mahali kila mmoja anapewa dakika tano mbele ya wanachama. Mnalala nyumba moja, mnakula sinia moja. Nia ni kuzuia mtu asiende kwa siri kugawa khanga na sukari. Mwishoni wajumbe wa kata zote wanakutana wilayani, wanapiga kura, na anayeshinda ndiye anayepeperusha bendera ya chama kwenye uchaguzi wenyewe. Lakini ubaya wake, au utamu wake, ni kwamba unasikia hotuba ya mpinzani wako mara mbili, tatu kwa siku kwa siku saba, hadi unaijua kuliko Baba Yetu.

Tulikuwa watatu. Wa kwanza Mheshimiwa Lameki, mbunge wetu wa miaka kumi, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye akihutubia hujipigapiga tumbo taratibu kana kwamba takwimu zote zimo humo. Wa pili Alhaji Swalehe, Mrangi wa Kondoa aliyehamia kwetu, mnunuzi wa mahindi mwenye malori mawili na utani usioisha. Wa tatu mimi, niliyekuwa mpima mizani wa ushirika hadi ushirika ulipokufa na sisi tukapunguzwa kazini. Walioamini kwamba ningeshinda wangetosha kwenye benchi moja na nafasi ingebaki.

Kiongozi wa msafara alikuwa Katibu wa chama, Ndugu Yona, mwembamba, mkali, mpenda utaratibu. Alibeba vitu vitatu popote alipokwenda. Cha kwanza ni daftari la muhtasari, ambamo aliandika kila kitu, hata hali ya hewa. Cha pili ni saa ya mezani yenye kengele ya kupimia zile dakika tano, ambayo mara ililia dakika ya tatu, mara dakika ya tisa, na mara moja ililia katikati ya dua. Cha tatu ni kofia ya kupigia kura ya bahati, maana kila jambo liliamuliwa kwa vikaratasi: nani ataanza kuongea, nani atakaa mbele na dereva, nani atapewa firigisi.

Sasa niwaambie nilikwenda kutafuta nini, kwa sababu ndicho kitu mnachosahau kuniuliza. Mnaijua lumbesa. Gunia la debe sita linajazwa, linavimba, kisha mnunuzi anaongeza mahindi juu, anayafunga kwa wavu wa kamba kama kilemba cha bwana harusi, linakuwa debe saba, hata nane, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Enzi za ushirika tulikuwa na mizani. Soko huria lilipokuja, mizani ikafungiwa ghalani, na juu ya sahani yake wakapanga mafaili. Kila nilipokwenda kuiomba niliambiwa hilo ni suala la ngazi ya juu. Nikajiuliza, ngazi ya juu ni wapi? Nikaambiwa Bungeni. Basi nikachukua fomu.

Tuliondoka saa tatu asubuhi, badala ya saa kumi na mbili, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa akiagana na watu ambao alikuwa hajaonana nao miaka minne. Vikaratasi vikampeleka yeye mbele na dereva. Mimi na Alhaji tukapanda nyuma, juu ya godoro la Katibu.

"Dada Roda," Alhaji alisema tulipoiacha lami, "nasikia umekuja kuniharibia biashara."

"Nimekuja kupima biashara yako, Alhaji. Kama ni nzima haitaharibika."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Nikajua hapo hapo kwamba safari itakuwa ngumu, maana ni vigumu kumchukia mtu anayecheka namna ile.

Chisanje: mchinjaji na mpishi

Chisanje walitupokea kwa ngoma na vumbi. Lilipofika suala la chakula, Katibu akakumbuka kwamba Alhaji hali nyama iliyochinjwa na mtu asiye Mwislamu, na kijiji kizima kilikuwa cha kanisa. Alhaji akasema hamna tabu, nileteeni kisu. Akakunja mikono ya kanzu, akaelekea kibla, akachinja kuku mmoja. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama akapenda jinsi alivyoshika kisu, akamletea wa kwake. Mama mwenye jogoo naye akaja. Wakapanga foleni. Nilipopita tena, Alhaji alikuwa amechinja kuku kumi na moja na mbuzi mmoja wa posa, kanzu nyeupe ina madoa mpaka kifuani, na watu walikuwa wakimuuliza anatoza nini na atapita tena lini.

Alipopanda jukwaani kujieleza, mwenyekiti wa kijiji akamnong'oneza Katibu: "Huyu mchinjaji wenu naye anaongea?"

Mimi nami nilipata yangu. Wanawake wa Chisanje waliniona nikishuka kwenye gari nyuma ya Mheshimiwa, wakaamua mimi ni mkewe. Wakanishika mkono kwa heshima nyingi, "Karibu mama, karibu mama," moja kwa moja hadi jikoni. Nikapewa mwiko. Sikuwa na namna, nikasonga ugali wa uwele kwa watu themanini huku jasho likinitiririka, mlenda ukichemka pembeni, nao wakinihurumia kwa kuolewa na mtu mzito vile. Ilipofika zamu yangu ya kuongea nilitoka jikoni na unga kwenye nyusi. Nikasema, "Mimi ni Roda. Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya mizani." Kisha mama mmoja kule nyuma akapiga kelele, "Kumbe si mkewe!" na jiko lote likapiga vigelegele kana kwamba nimeachiwa kutoka jela.

Katibu aliandika: *Wanachama walimpokea mgombea wa tatu kwa furaha, sababu haikufahamika.*

Korongoni: punda wa chama kingine

Siku ya tatu, kati ya Chisanje na Mlongwe, tulizama. Mnayajua makorongo yetu wakati wa kiangazi: mto wa mchanga mtupu, mweupe, unaotelezesha kama unga. Pikapu iliingia kwa mbwembwe, ikafika katikati, ikakaa chini kama kuku anayeatamia. Tukashuka, tukasukuma wote, Mheshimiwa akiwa ametupa koti juu ya kichaka na suruali ameikunja magotini. Gari halikujongea. Tulisukuma tangu saa nne hadi saa saba. Alhaji aliswali adhuhuri pale pale mchangani, na alipomaliza akatuambia ameomba matrekta mawili.

Hayakuja matrekta. Alikuja mzee mmoja na punda wanne wenye madumu ya maji, amevaa kofia ya kile chama kipya, cha upinzani, maana mwaka ule vyama vingi ndiyo kwanza vilikuwa vimerudi na kila mtu alikuwa na kofia ya kitu fulani. Akasimama ukingoni, akatutazama kwa raha zake.

"Shikamoo mzee," tukasema wote kwa pamoja, hata Mheshimiwa.

"Marahaba. Chama kikubwa kimekwama?"

"Kimekwama kidogo tu," Katibu akajibu.

"Nakiona." Akakaa juu ya jiwe. "Punda wangu wanaweza kukitoa. Ila hawa punda wamejiunga na chama chetu tangu mwezi uliopita. Hawawezi kuvuta mpaka wasalimiwe kwa salamu ya chama chao."

Alitaka tuinue vidole viwili kwa ile alama yao na tuitikie kibwagizo chao mara tatu. Katibu akasema haiwezekani, ni kinyume cha kanuni, ni heri afie pale. Mzee akasema sawa, akaanza kufunga madumu. Jua lilikuwa utosini na maji yetu yalikuwa yamekwisha. Mheshimiwa Lameki, mbunge wa miaka kumi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akainua vidole.

Nawaapia, tuliitikia. Mimi niliitikia kwa nguvu zaidi kwa sababu nilikuwa nacheka. Alhaji aliwasalimia punda mmoja mmoja, kwa jina la ndugu. Katibu alisimama akitutazama kwa huzuni, kisha kidole kimoja tu kikapanda, taratibu, usawa wa mfuko wa shati. Mzee akasema kwa kuwa ni Katibu atamkubalia nusu. Punda wakafungwa kamba, wakavuta, gari likatoka.

"Haya," Katibu alisema tulipofika ng'ambo, akilifunga daftari, "hayataingia kwenye muhtasari."

Ndilo jambo pekee ambalo hakuliandika safari nzima, na mimi ndiyo nimeliandika sasa. Atanisamehe.

Mlongwe: nageuka Mheshimiwa

Vumbi la korongoni lilimkaa Mheshimiwa kooni. Tulipofika Mlongwe alifungua mdomo kusalimia, ikatoka sauti ya mlango wa zizi. Wakamnywesha maji ya moto yenye chumvi, wakampa tangawizi, wapi. Na kanuni ilikuwa wazi: mgombea asiyejieleza kwenye kata, kata hiyo imempita. Mheshimiwa akamwandikia Katibu kwenye kipande cha karatasi: *Hii ni hujuma ya hali ya hewa.*

Katibu akafikiri sana. Mwisho akaamua kwamba kanuni inataka hotuba isikike, lakini haisemi itoke kwenye koo la nani. Akatoa kofia. Vikaratasi viwili tu, cha Alhaji na changu. Kikatoka changu.

Nikasimama. Mwanzoni nilitaka kuisema haraka haraka niimalize. Lakini jamani, nilikuwa nimeisikia mara sita, imeshaingia kwenye damu. Mkono wenyewe ukaenda tumboni. Nikaanza kujipigapiga taratibu, nikashusha sauti mpaka kwenye magoti: "Ndu-gu wa-na-chama. Mna-ni-jua. Na-wa-jua. Tu-na-jua-na!" Watu wakashtuka, kisha wakalipuka. Nikataja zahanati, nikataja madawati, nikatulia pale anapotuliaga, nikafuta paji la uso kwa leso ambayo sikuwa nayo. Mheshimiwa alikuwa ameketi pembeni yangu, mwanzoni amekunja uso. Nilipofika kwenye leso, nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa analia kwa kicheko kisicho na sauti.

Mheshimiwa alipigiwa makofi kuliko kwenye kijiji kingine chochote. Kisha nikageuka, nikafunga kilemba upya, nikasema, "Sasa naongea mimi," nikawaeleza ya mizani. Alhaji, aliyekuwa wa mwisho, alisimama, akafungua mdomo, akanitazama, akakaa tena chini akijishika mbavu, na saa ikalia.

Njia ya mbugani: mchezo wa hotuba

Kuanzia hapo tuliharibika. Siku tatu zilizofuata zilikuwa za mbuga tupu, kijiji kimoja asubuhi, kingine jioni, na kati yake saa nyingi za kutikiswa. Wakati sauti ya Mheshimiwa inarudi kidogo kidogo, tukaanzisha mchezo: kila mtu ahutubie kama mwenzake. Alhaji akawa mimi. Mimi nikawa Alhaji, na utani wake wote, hata ule wa ngamia. Mheshimiwa akakataa kwa kutunza hadhi, halafu siku ya sita, vikaratasi vilipomleta nyuma kwenye godoro, akakohoa, akatazama mbali, akasema kwa sauti nyembamba ya kike: "Mimi ni Roda. Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya mizani."

Alikuwa nayo yote. Gunia, debe, wavu wa kamba, mafaili juu ya sahani. Tulimrudisha mara tatu. Alipenda hasa ile sehemu ninayosema "jasho la mtu halikisiwi kwa macho". Aliisema hata akiwa anashuka kwenda haja. Dereva alisimamisha gari mara mbili kwa sababu alikuwa hawezi kuona njia kwa machozi.

Lakini kuna jambo lilinisumbua, nalo nilimwambia Alhaji tukila viazi vitamu kando ya njia. "Unaijua hotuba yangu yote, unaicheza vizuri. Unaiamini?"

Akamenya kiazi chake mpaka mwisho. "Dada Roda, unadhani mimi napenda lumbesa? Lumbesa inapasua magunia, inavunja migongo ya vibarua wangu. Lakini nikipima mimi peke yangu, wenzangu wakaendelea na lumbesa, nitakuwa nanunua ghali kuliko wote. Msimu mmoja, nimefunga duka. Tupime wote, nitapima. Sitaanza mimi."

"Nani aanze?"

"Hapo sasa," akasema, akanipa nusu ya kiazi.

Wilayani: dakika zangu tano

Mkutano wa kura ulikuwa siku ya nane, kwenye ukumbi wa shule, mjini wilayani. Wajumbe kutoka kata zote, nguo zimepigwa pasi, Katibu amevaa tai. Alfajiri nilifunga kilemba na kukifungua mara saba. Nasema wazi ili msije mkadhani nilikuwa nimekwenda kutembea. Baada ya Chisanje na Mlongwe nilikuwa nimeanza kuamini. Mizani ilikuwa imepata watu, nilikuwa nawaona wakiniita kwa jina hilo, "Mama Mizani, Mama Mizani," na nilijua kwamba nikikosa, gunia litaendelea kuvimba na lile ghala halitafunguliwa tena katika uhai wangu.

Kofia ikatoka. Mheshimiwa wa kwanza, Alhaji wa pili, mimi wa mwisho.

Mheshimiwa akapanda jukwaani akiwa na sauti yake yote. Akafunga kifungo cha koti. Akautazama ukumbi, akavuta pumzi, akafungua mdomo, na kwa sauti kubwa iliyotikisa mabati akasema:

"Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya mizani!"

Alhaji akanikanyaga mguu. Niliona jasho likimtoka Mheshimiwa kwenye masharubu, maana alijua alichokisema, ulimi umekwenda wenyewe kwa njia uliyoizoea. Kule nyuma mtu akaanza kucheka, wa pili akadakia. Lakini huyu mtu hakukaa Bungeni miaka kumi bure. Akajipiga tumbo mara moja.

"Ndiyo! Nyuma yake, ndugu zangu, sikuiona! Nilikuwa nyuma ya mizani wakati ninyi mnapunjwa mbele yake! Leo nasema, jasho la mtu halikisiwi kwa macho. Ghala lile litafunguliwa!"

Mabati nusura yaruke. Watu walisimama juu ya madawati. Na hotuba ilikuwa nzuri, nzuri mno, kwa sababu ilikuwa yangu neno kwa neno, pamoja na wavu wa kamba na mafaili. Nilikaa pale nikasikia uchungu ambao sijausikia tangu nilipopunguzwa kazini. Ningeweza kumpiga kibao wakati ule, nadhani ndiko huo uvumi ulikotoka. Lakini sikunyanyuka.

Alhaji akafuata. Maskini, alikuwa mnunuzi wa mahindi mbele ya ukumbi uliokuwa unaimba mizani. Aliuacha utani wote, hata wa ngamia. Akasema, "Mimi ni mnunuzi, mnanijua. Wote wakipima, na mimi nitapima. Nimemaliza." Akapigiwa makofi mengi kuliko siku zote nane.

Kisha jina langu. Nilitembea kwenda jukwaani bila neno hata moja kichwani, kwa sababu kila neno nililokuja nalo lilikuwa limeshasemwa na mtu mwingine na kushangiliwa. Saa ya Katibu ikaanza kugonga. Nikamtazama Mheshimiwa, akatazama viatu vyake. Nikatazama meza kuu, nikaliona lile daftari.

Jamani, mimi nimekuwa karani wa mizani miaka kumi na moja. Najua kitu kimoja: uzito usioandikwa haujapimwa.

"Ndugu wajumbe," nikasema, "niliyotaka kuwaambia wenzangu wamewaambia, tena vizuri kuliko mimi. Sina hotuba. Nina ombi moja kwa Katibu. Haya yaliyosemwa hapa na wagombea, kwamba ghala litafunguliwa na kila gunia litapimwa, yaandikwe kwenye muhtasari. Na sisi watatu tutie sahihi, leo, kabla ya kura, ili yeyote mtakayemchagua awe amekwisha kutia."

Katibu akanyanyuka. "Utaratibu hauruhusu wagombea kutia sahihi kwenye muhtasari."

"Unakataza?"

Akafunua kanuni, akapekua mbele, akapekua nyuma. "Haukatazi," akasema kwa sauti ndogo.

"Andika!" akapiga kelele mama mmoja, nami nikaitambua sauti, ni yule wa jikoni Chisanje. Ukumbi mzima ukadaka: "Andika! Andika! Andika!" Wanagonga madawati, vumbi linashuka kutoka darini, na Katibu Yona anaandika, akipiga mstari chini ya kila sentensi kwa rula. Nikatia sahihi wa kwanza. Alhaji akatia ya pili, akininong'oneza, "Umeanza wewe basi." Mheshimiwa akaja wa mwisho. Alishika kalamu muda mrefu. Kisha akatia jina lake lote, na la baba yake. Saa ikalia, na kwa mara ya kwanza ilikuwa dakika ya tano kamili, au sikuwa na haja tena ya kuhesabu.

Kura zikapigwa. Mheshimiwa alipata mia mbili na tatu. Mimi nilipata sabini na nne. Alhaji, sitini na tisa.

Sabini na nne! Nilikuja na watu wa benchi moja. Nilicheka, nikamkumbatia Alhaji mbele ya watu, kisha nikatoka nyuma ya ukumbi penye matangi ya maji nikalia kwa sauti, maana nilikuwa naitaka ile kazi. Msidanganywe na mtu anayewaambia aligombea kwa ajili ya kushiriki tu. Nilitaka kushinda, nilijiona kabisa nikiingia Bungeni na kilemba changu cha bluu, na nilishindwa kwa hotuba yangu mwenyewe.

Kurudi

Tulirudi kwa pikapu ile ile. Katibu alitoa kofia, Mheshimiwa akamwambia airudishe kichwani, akapanda nyuma kwenye godoro bila kupigiwa kura. Tulipokaribia lami akaniuliza:

"Mama, ile mizani inahitaji mafuta?"

"Inahitaji kutolewa mafaili kwanza. Halafu mafuta kidogo kwenye mhimili, na mawe yake yakaguliwe."

"Utakuwepo?"

"Sasa nani mwingine anaijua?"

Wiki mbili baadaye ghala likafunguliwa. Mwenye ufunguo aliletewa nakala ya muhtasari wenye sahihi tatu, akasema suala hili ni la ngazi ya juu, akaonyeshwa sahihi ya ngazi ya juu. Mafaili yalijaza mikokoteni miwili. Tukaisukuma mizani hadi kando ya barabara, yanapojipanga malori, nikaifuta, nikaipa mafuta, nikaiweka sawa kwenye sifuri. Wanunuzi wakasimama mbali wamekunja mikono. Alhaji ndiye aliyewaita, mmoja mmoja kwa majina.

Wa kwanza kufika na mzigo alikuwa mama mmoja wa makamo ambaye sikumjua, amekuja na gunia moja kwenye baiskeli ya kukodi. Lilikuwa limeshafungwa wavu juu, tayari, jinsi walivyomzoesha. Vibarua wakaliweka sahanini. Nikasogeza jiwe, mkono wa mizani ukapanda, ukacheza, ukatulia. Kilo mia moja na ishirini na moja. Nikaisoma kwa sauti, nikamkumbusha mnunuzi kwamba gunia analolipia ni la kilo mia.

Mnunuzi akanuna, akakata kamba. Akatoa mahindi kwa bakuli, moja baada ya nyingine, akiyamimina kwenye kitenge ambacho yule mama alikuwa amekitandaza chini bila kuelewa ni cha nini. Nikarudisha jiwe, mkono wa mizani ukatulia kwenye mia moja. Gunia likafungwa bapa, likapelekwa lorini, na pale chini kikabaki kichuguu cha mahindi juu ya kitenge.

Yule mama akakitazama. Akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "hayo yaliyobaki ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

Akapiga magoti, akakusanya ncha za kitenge, akafunga fundo mara mbili, akajitwisha. Kisha akaondoka bila kuaga, bila kugeuka, upesi upesi, kama mtu anayeogopa ataitwa arudi.